Pua Inagoma

Nakata kushoto. Gari halisikii.
Linanyoosha tu, kama mtu aliyeitwa na mdai
akajifanya kiziwi.
Bidoni la tatu limeruka. Watoto wa Ndosho wanashangilia.
Sekunde mbili za adhabu.
Mji ni Goma, na pua inagoma.

Ni Jumapili, baada ya misa,
kwenye uwanja wa jiwe jeusi lililopondwa.
Mabidoni ya njano ndiyo kona zetu,
saa yetu ni simu ya Mugaruka, yenye ufa katikati.
Siku sita nauza mikate.
Ya saba naendesha Subaru ya kijivu
yenye karatasi ya Kijapani kwenye kioo
ambayo hakuna aliyewahi kutusomea.

Magurudumu yote manne yanavuta;
nilidhani hiyo peke yake ni dawa.
Kyakimwa, fundi, yuko chini ya gari,
namwona viatu tu. Viatu vinasema:
"Manne yanavuta, ndiyo. Lakini haya mawili ya mbele
yanavuta, yanapinda, tena yanafunga breki.
Wewe ungeweza?"

Kisha, kwa kuwa anajua kazi yangu:
"Tairi lina mkate mmoja.
Ukiumega wote kwa breki, kona italala njaa.
Ukiumega wote kwa mafuta, kona italala njaa.
Na wewe, Nzigire, kila ukiona kona ina njaa
unazidi kuzungusha usukani,
kama vile kuonyesha sahani tupu ndiko kupakua."

Juma zima tulifanya kazi usiku, kwa tochi.
Upepo wa matairi ya nyuma tuliongeza kidogo,
tukajaribu, tukaongeza tena,
ili mkia uache kung'ang'ania.
Bare ya nyuma alileta nene zaidi,
ameifungua kwenye gari lililokufa Sake.
Magurudumu ya mbele akayainamisha vichwa kwa ndani
kama majirani wawili wanaomsengenya wa tatu.
Betri akaihamishia nyuma, penye kreti zangu.
Nikauliza bei. "Mikate ishirini,
na unyamaze unapoendesha."

Ila mguu. Mguu hauuzwi gereji.

Chini ya kona ya nne palikuwa kwetu.
Sisemi kwa huzuni, nasema kwa kupima:
mlango ulikuwa hatua tisa kutoka bidoni la tano.
Mlima ulipopasuka nilikuwa darasa la nne.
Lava haikukata kona. Ilinyoosha,
ikapita jikoni, ikapita penye mti wa parachichi,
ikashika njia ya ziwani.
Hakukuwa na wa kuipunguzia mafuta.

Zamu yangu.
Nafunga breki mapema, usukani ukiwa umenyooka,
naiachia polepole, kama unavyouachia mkono wa mtoto
anayejifunza kusimama.
Pua inainama. Uzito unakuja mbele, nausikia magotini.
Nakata kidogo kuliko ninavyotamani.
Nangoja.
Kungoja ndani ya kona ni kurefu
kuliko foleni ya maji mwezi wa saba.
Mwenye chukudu, na kabichi zake, amesimama kututazama;
nimemwona hadi vifungo vya shati.
Mafuta sijatia.
Bado sijatia.
Halafu mkia, ule mkia mvivu, unazunguka,
na mbele yangu njia inafunguka
kama mlango uliosukumwa na mtu wa ndani.

Sasa. Yote.

Mugaruka anaisoma simu mara mbili, kwa ajili ya ufa:
nimepunguza sekunde moja na nusu.
Bidoni la tano limelala ubavu.
Sikuligusa, nasema. Ni upepo.
Kyakimwa anasema nililigusa, na anajua ni kwa gurudumu gani.
Tumebishana mpaka taa za pikipiki zimeanza kuwaka barabarani,
na nyumbani unga
unaumuka bila mimi.