Sauti ya Pili

Watu wa kampuni wanataka nyimbo ishirini na mbili.
Baba anataka kumi na tisa. Anasema ishirini na mbili ni kiburi,
na kumi na tisa ndiyo idadi anayoweza kuisikiliza
bila kuinuka kwenda chooni.

Studio ipo Ruwi, juu ya duka la mafeni.
Kaseti zimo katika boksi la tende,
baadhi zimepinda tangu kiangazi kile
aliposahau mfuko mzima kwenye dashibodi.
Kaisi, kijana wa mitambo, anazishika kwa ncha za vidole.
Alizaliwa baba alipokwisha kuuza gita.

Muziki huu baba aliuokota Fahud, kambi ya mafuta,
kwa mchimbaji wa Teksasi aliyelia kila Alhamisi usiku
amekumbatia gita kama mtoto aliyegoma kulala.
Baba hakujua Kiingereza. Kilio alikijua.
Akarudi Maskati na kofia pana ya ngozi,
akaivaa na kanzu, kofia yake ya kushona akaitia mfukoni,
akawaimbia kwa Kiswahili cha Ujiji
waliokuja kwa meli, waliokuja kwa ndege,
waliokuja na funguo za nyumba zisizokuwa zao tena.
Penye farasi alitia punda.
Treni hakuibadilisha: alikuwa nayo, ya Kigoma,
akaiacha ipige honi mpaka mwisho wa ubeti.

Walimcheka sana.
Mpaka harusi moja ya Sibu, mwanamume mzima
akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Sasa tunapanga. "Barua Isiyofika" itangulie.
"Mke wa Zamu ya Usiku" ifuate, halafu ile ya ngamia aliyelala barabarani,
ambayo mimi siipendi.
"Datsun ya Mkopo" baba ameikata kwa kalamu mara mbili.
Ndiyo inayojulikana kuliko zote. Hasemi kwa nini.

Kaisi anaiweka hata hivyo, nakala ya kwanza kabisa,
na katikati anainua kidole: kuna mtu huku nyuma.
Anapandisha sauti.
Chini ya gita, chini ya mlio wa feni, mwanamke
anamfuata baba kama uzi nyuma ya sindano,
halafu kwenye kiitikio anampita.

Namjua. Sauti hiyo ilinihesabia matone ya dawa,
ilipunguza bei ya jodari soko la Matrah
mpaka muuzaji akaomba radhi.
Mbele yangu haikuwahi kuimba hata nusu mstari.

Baba anatazama kucha zake.
"Kaka zake," anasema. "Aliniapisha jina lisiandikwe."
"Kaka zake wamekufa wote, baba."
"Kiapo hakijafa."

"Nimfute?" anauliza Kaisi, kwa adabu,
kama anayeuliza vijiko vingapi vya sukari.
"Mashine inaweza. Hamtajua kama alikuwepo."

Hakuna anayemjibu.
Kwenye karatasi ya majina nimeandika:
gita na sauti, Marhun bin Khalfan.
Ngoma, Agnelo wa Goa. Besi, Shahdadi Mbaluchi.
Sauti ya pili, na nukta mbili, na kalamu imesimama hapo.

Picha ya jalada ni ya barabara ya Nizwa, siku ya upepo.
Baba kijana, amefumba jicho moja.
Kampuni imeukata ukingo wa kushoto ili picha ikae sawa,
lakini ninayo ile nzima, ndani ya msahafu wa mama:
kutoka pembeni unaingia mkono,
bangili tatu, umeshika kofia yake isipeperuke.

"Warudishe mkono," nasema. "Mkono hauna jina."

Anaichukua picha, anaivuta karibu, anaisogeza mbali,
miwani ameiacha nyumbani.
"Bangili hizi," anasema, "Ruwi nzima wanazijua."

Feni ya kaseti inaendelea kuvuma.

"Ziwe ishirini," anamwambia Kaisi.