Madaftari ya Elbia Píriz

Nilitumwa Montevideo kununua kampuni.
Si kampuni, kusema kweli: karakana ya mafundi saba
nyuma ya duka la viatu, harufu ya grisi na kahawa chungu.
Wanatengeneza lifti. Lifti kuukuu tu,
zile za mlango wa chuma unaofungwa kwa mkono,
zinazopanda zikinung'unika.

Mkobani nilikuwa na jedwali:
bei yao, bei yetu, mshahara wa fundi,
na mshale mwekundu ukionyesha mwaka
watakaofilisika.
Mwaka huo ulikuwa umeshapita.

Tulishusha bei; wateja wakashukuru, wakabaki kwake.
Tukawavisha wetu ovaroli za bluu kama zao.
Tukamchukua hata fundi wao, Walfrido,
kwa mshahara maradufu.
Mwezi wa tano akarudi alikotoka.
Alisema kwetu hakuna wa kumuuliza.

Nikamwomba Elbia siri.
Hakuficha. Akafungua kabati:
madaftari arobaini na moja,
mwandiko wa baba yake, kisha wake.
"Piga picha," akasema. "Kurasa zote, ukipenda."
Nikapiga hadi simu ikazima.

*Mtaa wa Durazno, ghorofa sita: hukohoa kabla ya mvua. Usiguse.*
*Mtaa wa Yaguarón: kamba ya kushoto ni mwongo.*
*Hapohapo, ghorofa ya nne, bibi Otilia, goti bovu.*
*Lifti ikikwama, anza kwake, mashine baadaye.*
*Mpelekee mkate.*

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo walivyotuachia wahenga.
Hawakutuambia daftari bila sikio hupoteaje.
Ofisini tuliingiza kurasa zote kwenye kompyuta.
Kompyuta ikauliza:
"hukohoa" ni tatizo namba ngapi?

Jambo moja halikuandikwa popote.
Alinionyesha kwa kidole, dirishani:
ng'ambo ya barabara, minara ya vioo,
lifti mpya thelathini.
"Walituita mara tatu. Tukakataa mara tatu.
Mara ya pili tulikuwa na deni la mishahara;
mume wangu alininunia wiki nzima."
Akapangusa mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono.
"Ukishaenda kule, huku unakuwa mgeni.
Na Otilia hamfungulii mgeni."

Usiku hotelini niliandika ripoti.
Safu ya mali: nyundo, magari mawili, kabati.
Nikafuta kabati. Nikairudisha.
Chini yake nikaongeza: *Hapana, tatu.*

Bosi akapiga kutoka São Paulo
kabla sijavua viatu.
"Hizo hapana," akauliza, "tunazipata kwa kiasi gani?"
Nilikuwa nimesimama koridoni.
Lifti ya hoteli ilipita nyuma ya wavu,
taa yake ikipanda polepole,
nami nikaisikia, naapa, ikikohoa.

"Uko hapo?" akasema bosi.
Nilikuwa nimekwenda kufunga dirisha.