Kitasa

Saa moja na robo, Bombo, foleni ya dirishani.
Nesi Mwanahawa hasemi "teja."
Husema, "Singano, kunywa, kisha nitajie jina lako,"
ajue nimemeza, sikuficha shavuni.
Nataja. Jina langu lina ladha ya dawa ya kikohozi.

Mimi ni fundi funguo. Barabara ya tisa, Ngamiani,
kibanda cha bati ubavuni mwa duka la baiskeli.
Daktari Hoza alipotaka kunieleza ubongo
alitafuta maneno mpaka akachoka,
akavitazama vidole vyangu, vyeusi kwa grisi,
akasema: "Ndani ya kichwa mna vitasa."
Nikasema, "Daktari, hapo umefika kwangu."

Vitasa vidogo, maelfu kwa maelfu,
na mwili una fundi wake, hana kibanda wala leseni,
anachonga funguo zake mwenyewe. Endofini, akaziita;
nikadhani ni binti wa Pongwe.
Mama akikupulizia kidole ulichojikata, kitasa kinazunguka.
Chungwa la Muheza, la kwanza la msimu,
maji yakikushuka mpaka kiwikoni, kingine.
Coastal wakisawazisha dakika ya tisini,
hapo fundi anachonga usiku kucha.
Mlango unafunguka kidogo, unapita upepo, unajifunga.
Ndivyo raha ilivyopimwa: waja leo, waondoka leo,
kama wausemavyo mji wetu.

Unga ni ufunguo ambao hakuuchonga yeye.
Alinipa Chembea, nyuma ya ghala la mkonge.
Uliingia laini. Sijapata kuchonga ufunguo ukaingia hivyo.
Milango yote kwa mkupuo mmoja,
hata wa chumba alichofia baba,
na ndani hamkuwa na maiti, mlikuwa na jua.

Sitasema uongo ili mnionee huruma: ilikuwa tamu.

Lakini fundi wa ndani ni mtu wa hesabu.
Akiona kazi inaletwa tayari kutoka nje
huweka tupa chini, akafunga karakana.
Na vitasa, vikichoka kuzungushwa,
vingine huzama ukutani.
Kete moja ikawa mbili, mbili zikawa tano,
milango haifunguki tena, zinalia bawaba tu.

Jambo moja alilosema daktari nililiandika nyuma ya risiti:
kutamani na kuonja havilali chumba kimoja.
Utamu ulikwisha mwaka wa pili.
Hamu haikuwa na habari.
Iliamka kabla yangu, ikavaa viatu vyangu,
ikauza cherehani ya dada Mwantumu,
ikaenda kugonga nyumba iliyohamwa,
kila siku, kwa adabu, hodi, hodi.

Arosto sitaieleza. Shuka linauma.
Sauti ya mtu akimenya chungwa uani inauma.

Chembea walimkuta msalani, Makorora.
Pumzi nayo ina kitasa chake.
Kilifungwa kwa ndani.

Hii ya kikombeni ni ufunguo pia, sijidanganyi.
Mzito. Unaingia, unazunguka nusu,
unakaa humo humo mpaka kesho asubuhi;
mwingine ukija unakuta tundu lina mwenyewe.
Mtaani wanasema nimebadilisha unga kwa maji.
Nawaacha. Hawajui kazi.

Na yule fundi? Namuuliza usiku, nimelala chali.
Kimya. Miezi saba, kimya.

Juzi Mwantumu alileta kufuli la kabati, kongwe, lina kutu,
ufunguo wake ulipotea yeye akiwa kigori.
Nikalitia mafuta ya taa, nikachonga, nikajaribu, nikachonga,
adhuhuri ikatupita,
likasema: tk.
Akacheka. Cheko lile la zamani, la puani.
Na mahali fulani, nyuma ya jicho langu la kushoto,
nilisikia tupa ikikwaruza shaba,
mara moja,
kama mtu anayejipima
iwapo bado anaikumbuka kazi.