Jua la Peni

Waliileta Machi, imefungwa nailoni,
wakaisimamisha stendi ya Moshi, palipokuwa dirisha langu.
Dirisha wakaliziba kwa tofali na saruji iliyobaki.
Mimi wakanipa fulana ya kijani
na cheo kipya: Msaidizi wa Mashine.

Miaka kumi na tisa nilikata tiketi kwa mkono,
kaboni ikinipaka vidole buluu mpaka Jumapili;
nikitoa sadaka, mchungaji anajua ni mimi.
Sasa nasimama pembeni, mikono safi,
kama shangazi wa bibi harusi asiyepewa kazi.

Mashine ina adabu za ofisini.
Inasema karibu, kisha inakuhoji:
namba ya simu, tena ya hapahapa nchini,
namba ya kitambulisho, tarakimu ishirini,
jina la kati.
Kijana wa Poland alikwama hapo kwenye jina la kati.
Aliniuliza aandike nini, nikamjibu, kama hakuna, hakuna.
Akaandika.
Tiketi ikamtoka: Bwana Tomasz Hakuna Wilk.

Wengine huisemesha polepole, kwa sauti,
kama anavyosemeshwa bibi mwenye masikio mazito.
Yupo aliyeilisha noti ya elfu kumi mara kumi na moja,
ikaitema mara kumi na moja.
Akaipiga pasi pajani, akaipuliza,
mwisho akaiinamia mashine kidogo, akaiomba radhi.
Mimi natazama.
Mkataba unasema nisaidie nikiulizwa.

Basi, Jumatano moja akaja mama wa makamo,
Annelies, jina nililisoma kwenye kioo,
nywele za jivu, kiatu kimoja kimefungwa kwa katani.
Anakwenda Lushoto.
Alibonyeza kila kitu sawasawa, sijui nani alimfunza,
hata jina la kati analo.
Mashine ikatoa ulimi wake mweupe:
KUONDOKA SAA 12:30.
Akaikunja tiketi. Akatabasamu kwangu.

Nami nilijua.
Nilijua anasoma saa sita na nusu mchana,
kwamba kwao siku huanza kuhesabiwa usiku wa manane,
watu wamelala, hakuna wa kushuhudia,
wala hawangoji kukuche kama sisi.
Nikanyamaza.
Nikasema moyoni: si wamenunua mashine? Iseme yenyewe.

Kesho yake basi likaondoka na mapambazuko,
kiti namba nane kitupu.
Yeye akaja jua likiwa utosini,
amewahi dakika ishirini,
ndizi mbivu sita ndani ya rambo, za njiani.
Akaketi juu ya begi lake kungoja basi
ambalo saa hiyo lilikuwa linapanda kona za Lushoto.
Mlima nao siku hiyo haukutoka mawinguni,
hakuwa hata na cha kutazama.

Sikuulizwa. Nilikwenda.
Kiingereza changu kina mashimo,
nikachukua peni, nikachora nyuma ya tiketi
jua, miale yake, nusu bado chini ya mstari.
Nikaandika 6 upande wao, 12 upande wetu,
nikanyoosha kidole mashariki, kule Himo.
Akatazama muda mrefu.
Akasema "Ah,"
akachomoa ndizi mbili, moja akanipa.

Nauli ya pili niliilipa mimi. Hilo halijui.
Alidhani mashine imemsamehe;
asubuhi, kabla ya kupanda, akaipapasa ubavuni.

Siku hizi tiketi ya mgeni haipiti mikononi mwangu kavu:
jua linalochomoza, au mwezi, kwa peni ya buluu.
Meneja amenipa onyo la maandishi,
eti nachafua nyaraka za kampuni.
Nimelihifadhi pamoja na kaboni zangu za zamani.
Vidole vimeanza kurudi buluu.
Jumapili, juu ya sahani ya sadaka,
mchungaji aliviona.