Boliti Moja

Jumanne saa tatu usiku nafunga cherehani,
naifunika khanga kuukuu.
Ndeshi keshakaa mkekani, rimoti mapajani,
madaftari ya shule yamefichwa chini ya mto.
Tunaangalia ndege zikianguka.

Mama mchungaji alituuliza, nyie mna roho gani?
Mtu mzima, na mtoto juu,
mnakunywa chai ya tangawizi
huku bawa linang'oka angani!
Nikamwongezea sukari.
Sikuwa na jibu la kumpa siku ile.

Kinachonivuta si moto.
Moto ukiwaka huinamisha macho, nikatafuta sindano.
Mimi nangoja sehemu ya pili, ile ya polepole,
wanapokuja wale wazee wenye mabuti ya mpira,
wanakokota bahari, wanachekecha matope,
wanarudisha kipande kando ya kipande
kwenye sakafu ya banda kubwa
hadi ndege inalala pale nzima, imekatwa kwa chaki
kama kitambaa kabla ya mkasi.
Mmoja anapiga magoti mbele ya boliti.
"Miaka miwili," Ndeshi ananitafsiria,
"shangazi, miaka miwili wanaihoji boliti moja!"

Na kile kisanduku wanachokiita cheusi
kumbe ni cha rangi ya chungwa,
ili kionekane.

Kaka yangu Eliaichi, baba yake Ndeshi,
alitoka Moshi alfajiri na Fuso la ndizi.
Mteremko wa Kikafu ukampokea bila breki.
Trafiki alipima barabara kwa hatua zake mwenyewe,
akaandika kitu nyuma ya risiti.
Siku ya tatu tukazika.
Siku ya nne tajiri akaliuza gari kwa kilo.
Msibani sababu hazikupungua:
siku zake zilitimia, jicho la mtu, usingizi,
Mungu kampenda zaidi.
Kila mtu na yake, na wali ukaliwa.
Hakuna aliyesema, hebu tuliangalie bomba.

Nilikwenda Njoro kwa muuza vyuma chakavu.
Bomba la breki, shilingi elfu mbili,
akanishangaa, nikamwambia la kumwagilia mchicha.
Lipo kwenye droo ya cherehani, kati ya zipu na vifungo.
Limepasuka.
Au lilipasuka baadaye, wakilishusha kwa nyundo.
Chaki ninayo. Banda sina.

Jumanne iliyopita walifika mwisho kabisa.
Mzee akavua miwani, akavuta pumzi aseme,
umeme ukakatika Pasua nzima.
Jirani akalitukana shirika kwa Kichagga safi.
Tukakaa gizani, vikombe mkononi,
na ile ndege ya usiku ikapita juu ya bati, ikishuka KIA.
Nikaisindikiza kwa masikio, kama kila siku,
mpaka nikaamini imegusa chini.
Ndeshi naye alikuwa kimya.
Sikujua kama yeye pia husindikiza.

Umeme uliporudi lilikuwa tangazo la sabuni.
"Ilikuwa nini sasa?"
"Hatujui, shangazi. Wanarudia Jumamosi mchana."
Jumamosi nina sare za harusi kumi na mbili,
na bibi harusi mwenyewe hajapimwa kiuno.
Watanisubiri.