Daraja la Kwanza

Nilifika Naipanga saa nne, suruali nyekundu hadi magotini
kwa vumbi la Nachingwea, lile lisilofutika, huzoeleka tu.
Kwenye simu nilikuwa na picha moja, imepigwa gizani:
taa ya duara, na nusu ya simba wa chuma puani.

Bi Thekla Chinguile alivuta turubai
kama anayemfunua mgonjwa shuka,
polepole, asije akashtuka.

Pijo. Mia nne na nne. Pikapu.
Rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda,
ya kiwandani, haijaguswa na brashi ya mtu.
Gia kwenye usukani. Tundu la handeli.
Kiti kimefumuka mshono mmoja, nao umeshonwa
kwa uzi wa gunia la korosho.
Kwenye pembe za bodi, salfa:
unga wa njano wa misimu ambayo mimi sijazaliwa.

Nikanyamaza. Dalali akipenda kitu hukaa kimya,
maana kila sifa ni noti unayomhesabia muuzaji kiganjani.
Nikapiga magoti, nikatafuta kasoro.
"Kutu hapa," nikasema. "Na hapa. Sakafu imeliwa."
Nikagonga kwa ukucha, chuma kikaniitikia kizima,
nikajifanya sikusikia.

Yeye miaka ishirini na miwili alikaa kwenye mizani ya chama.
"Unyevu," akasema. "Ndivyo mlivyokuwa mkituambia.
Mama, korosho zako zina unyevu, tunakushusha daraja.
Leo na gari langu lina unyevu?"

Nikauliza bei.

Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku
lililobaki na nusu ya jalada. Mwandiko wa marehemu Kanisius
umeinama kama mtu anayepandisha kilima kwa baiskeli:
Plagi nne, Lindi.
Mkanda wa feni, Masasi, kwa mkopo.
Bibi harusi wa Mchopa, bure.
Maiti hadi Ruponda, bure.
Thekla, uchungu, Ndanda, usiku, bure,
na mbele yake, kwa kalamu nyingine: mapacha!

"Milioni kumi na moja na laki mbili."
"Hizo laki mbili za nini?"
"Jeki. Ya kwake, iliyokuja nayo. Iko uvunguni, nailalia."

Nikasema nane. Akapangusa kioo kwa kanga.
Nikasema tisa. Akaanza kurudisha turubai.
Kumi, nikasema, na sauti ikanisaliti, ikapanda.

Hapo ndipo aliponitazama usoni.
"Utalipaka rangi?"

Mteja wangu wa Dar anataka jekundu.
Jekundu la kung'aa, ringi za fedha,
lisimame mbele ya hoteli yake, limejaa maua nyuma.
Ametuma nusu ya pesa tangu juzi,
na robo ya nusu hiyo imeshakwenda ada ya shule.

"Hapana," nikasema. "Litabaki hivi hivi."

"Basi lete hiyo kumi. Na jeki nakupa."

Milioni moja na laki mbili:
sijawahi kuuza neno moja kwa bei hiyo.

Handeli mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi.
Ya tatu likaamka lote, kuku wakatawanyika,
na Bi Thekla hakulisindikiza hata kwa macho.
Alikuwa anakunja turubai: mara mbili, mara nne,
anatafuta pa kuliweka.

Karibu na Masasi, mawe yale makubwa yakiwa yametokeza,
simu ikaita. Nikaweka gari pembeni,
nikaacha injini, maana ukizima ni handeli tena.
Nikalowesha kidole kwa mate, nikasugua mlango.
Vumbi likatoka. Maziwa yaleyale.

Simu ikakata. Ikaita upya.
Nyuma ya kiti jeki iligongagonga,
na gari lilikuwa limesimama.