Mengineyo

Mimi ndimi katibu. Kazi yangu kuandika
kilichosemwa, si kilichonuka.
Ukumbi wa wadi, Kisumu, Jumanne saa nne.
Waliohudhuria thelathini na mmoja,
walioomba radhi wawili,
na nzi, ambao hawakualikwa
wala hawakuomba radhi.

Mhandisi Lusweti alibandika ramani ukutani.
Kona moja ilikataa gundi,
akaibana kwa kiwiko huku akieleza:
meusi ni mabomba yaliyopo,
mekundu ni yatakayochimbiwa,
na ziwa, buluu,
buluu ya sare ya shule kabla haijafuliwa.
Nilichungulia dirishani nihakikishe.
Lilikuwa kijani, kijani ya mrenda uliolala.

Zilpa Nyangweso, muuza omena,
alisimama bila kuinua mkono.
"Nyumba yangu iko wapi hapo?"
Kidole cha mhandisi kikapita soko,
kikapita kanisa, kikafuata mstari mwekundu
hadi ulipokoma.
"Hapa. Mbele kidogo ya hapa."
"Hapo ni karatasi tupu."
"Ni awamu ya pili, mama."
"Basi na mimi haja nitaibana
mpaka awamu ya pili."
Ukumbi ukaangua kicheko.
Niliandika: Mjumbe aliomba ufafanuzi.

Kisha taka. Jaa la soko limehamishwa mara tatu,
na kila linakohamia linafuatwa na korongo wale wale.
"Taka hazina kwao," alisema mwenyekiti.
"Zinako," sauti ikajibu kutoka nyuma,
"kwao ni kwetu."
Hilo niliandika lilivyo.

Ogweno ana mashua sita za kukanyaga,
zenye umbo la bata, amezinunua kwa mkopo.
Anaomba ufuo usafishwe, utengwe kwa starehe,
watu wa Milimani waje Jumapili na watoto wao,
wakanyage, wapigwe picha, wale samaki.
Alizungumza vizuri. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi
hata kwenye mikunjo ya kikwapa.
"Na wakitumbukia?"
"Kila mmoja atavaa jaketi la kuelea."

"Jaketi huzuia kuzama," alisema muuguzi Truphosa Ayuma,
"halizuii kuhara."
Akafungua daftari la zahanati, mwezi wa Aprili,
watoto ishirini na watatu,
akaanza kusoma majina.
Mwenyekiti alimwomba atoe muhtasari.
Akasoma la nne. Akasoma la tano.
Feni ilikuwa ikizunguka bila kupuliza mtu.
La saba lilikuwa la mwanangu.
Alilitamka kama mengine, bila kunitazama,
na kwa hilo namshukuru.
Niliandika: Takwimu ziliwasilishwa.

Tulikuwa tumefika kwenye Mengineyo
mhandisi alipoomba ruhusa ya kutoka kidogo.
Choo cha ukumbi kina kufuli tangu Pasaka.
Mlinzi alileta ufunguo, akaukumbuka mwenyewe ulivyo bure,
akaurudisha mfukoni. "Kimejaa, bwana."
Mhandisi akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kanisani,
wenyeji huenda wapi.
Hakuna aliyejibu. Vidole vilijibu,
kimoja, vitatu, kisha vyote,
vikielekea dirishani.

Alisimama mlangoni, mguu mmoja nje.
Nyuma yake kona ya ramani,
sasa haina kiwiko cha kuibana,
ilijikunja polepole kama jani la mgomba
na kulifunika ziwa.
Ogweno alikuwa akihesabu kitu kwa vidole vyake.
Zilpa alikuwa akivaa kandambili.

Kikao kilifungwa saa saba na dakika kumi, kwa maombi.
Watu wakaondoka, viti vikapangwa,
mhandisi hajarudi.
Nilibaki na daftari langu na lile la muuguzi,
ambalo aliliacha mezani, wazi, makusudi nadhani.
Chini ya Mengineyo niliandika majina,
yote ishirini na matatu, jina na la baba.
La saba nililiandika polepole.